Kuita na Kuitikiwa: Maana ya Dua katika Kurani

Ni machache maneno yatamkwayo na Waislamu wa pwani yetu mara nyingi kama neno dua, na ni machache vile vile ambayo maana yake huulizwa kwa nadra kiasi hicho. Twaombeana dua tunapoagana, twaisoma mtoto anapozaliwa na mzee anapozikwa, na aghalabu twaitikia 'Amina' hata kabla msomaji hajapumua. Jambo lililo karibu na kinywa namna hiyo ni shida kulisogeza mbali kidogo ili macho yalione. Mimi nami, ambaye kazi yangu ni kufundisha lugha na kupima maneno, sikulitafutia neno hilo maana yake mpaka nilipoulizwa na mtu asiyekuwa mwanafunzi wangu. Na jibu nililompa likawa baya.

Mama yetu aliugua miezi kumi na mmoja nyumbani kwetu Pangani. Katika miezi hiyo dua hazikukatika. Walimu wa chuo walikuja Alhamisi kwa Alhamisi, majirani wakasoma Yasini, na mimi nilipopata likizo niliketi kando ya kitanda nikamsomea aya ya 60 ya Sura ya 40, ambamo Mwenyezi Mungu anawataka waja wake wamwombe na kuwaahidi kwamba atawaitikia. Niliisoma kwa Kiarabu, kisha nikaifasiri kwa Kiswahili ili ndugu zangu waliokuwapo wafaidike. Mama alifariki wiki mbili baada ya likizo yangu kwisha. Ilipopita arobaini, mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyemuuguza tangu mwanzo hadi mwisho, alinijia barazani akaniuliza: 'Kaka, ulitusomea kwamba Mungu ameahidi kuitikia. Je, aliitikia?'

Nilimjibu kama ajibuvyo mwalimu aliyezoea kuulizwa. Nikamwambia kwamba imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri, naye kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba dua ya Mwislamu isiyokuwa na dhambi wala kukata udugu haikosi moja katika mambo matatu: ama mwombaji hupewa upesi alichoomba, ama huwekewa akiba ya akhera, ama huepushwa na shari iliyo sawa na kile alichokiomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, 'Sawa, kaka,' akarudi jikoni. Kila aliyepata kufundisha anaijua 'sawa' ya namna hiyo. Si ya mtu aliyeridhika. Ni ya mtu aliyeona kwamba swali lake halikufika.

Hadithi ile si ndogo, wala sikumdanganya. Walakini yeye aliuliza habari ya kuitikia, nami nilimjibu habari ya kupewa. Kosa langu lilikuwa la lugha kabla halijawa la dini, na ndiyo sababu nathubutu kuliandika katika jarida la lugha. Sikufikia daraja ya wanavyuoni wa tafsiri ya Kurani. Nimewasoma tu, kama mtu wa maneno asomavyo.

Tuanze, basi, na neno lenyewe. Dua katika Kiarabu hutokana na kitenzi ambacho maana yake ya kwanza ni kuita. Hutumika kwa mtu amwitaye mwenziwe ng'ambo ya uwanja, na hutumika kwa mwaliko wa karamu. Kuomba ni tawi lililochipuka katika shina hilo, kwa kuwa amwitaye mkubwa huwa kwa kawaida ana haja naye. Kiswahili kililichukua neno dua likiwa na tawi hilo tu, shina likaachwa ng'ambo. Sisi husema 'kuomba dua'. Na kuomba kwetu kuna sauti ya bakuli lililonyoshwa, maana kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa neno ombaomba. Waliotangulia kuitia Kurani yote katika lugha yetu, Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana huko Unguja mwaka 1923, Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi wa Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy mwaka 1969, walitofautiana sana, hata wakagombana kwa kalamu. Lakini wote walirithi msamiati ambao ndani yake dua imekwisha kuwa ombi. Siwalaumu. Mfasiri hutumia sarafu aliyoikuta sokoni.

Swala nayo ina historia yake. Twaiona leo kuwa kitu mbali na dua: swala ina udhu, ina nyakati tano, ina kurukuu na kusujudu, dua haina kibla cha lazima wala saa. Katika Kurani mpaka huo haukuchorwa kwa wino mzito hivyo. Aya ya 56 ya Sura ya 33 yasema kwamba Mungu na malaika wake wanamswalia Mtume, na ni dhahiri kwamba Mungu hasujudu. Wafasiri wakaeleza kuwa swala ya Mungu ni rehema, au ni kumsifu Mtume mbele ya malaika, na swala ya malaika ni kumwombea. Aya ya 41 ya Sura ya 24 yataja ndege waliokunjua mbawa, kwamba kila kiumbe kinajua swala yake. Tena kuna aya ya 110 ya Sura ya 17, imwagizayo Mtume asipaze sauti sana katika swala yake wala asiififishe, bali ashike njia ya kati. Ibn Abbas alieleza kwamba iliteremka Makka, Mtume alipokuwa akijificha, na washirikina wakiisikia Kurani katika swala huitukana. Bibi Aisha alisema kwamba iliteremka juu ya dua. Kauli zote mbili zimo katika kitabu cha Bukhari. Watu wawili wa karibu na Mtume kuliko sote, neno moja, na maana mbili. Na hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba ametoka katika dini. Nilipokuwa mdogo mwalimu wangu wa chuo hangeweza kustahimili hata nusu ya tofauti hiyo.

Sasa nairudia ile aya niliyoisoma kando ya kitanda. Mwanzo wake ni wito wa kuomba, lakini mwisho wake huwaonya wanaojivuna wasimwabudu Mungu. Wasomaji wa kale waliona kwamba aya ilianza na dua ikamalizika na ibada, wakauliza kama ni vitu viwili au kimoja. Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliifasiri dua ya mwanzo kuwa ibada yenyewe: niabuduni kwa moyo safi, nami nitawakubalia. Wanaomfuata huleta hadithi ya Nu'man bin Bashir, kwamba Mtume alisema dua ndiyo ibada, kisha akaisoma aya hii hii. Wengine walibakiza ombi kuwa ombi, wakasema ahadi ni ahadi, ila imefungwa na hiari ya Mungu, kwa ushahidi wa aya ya 41 ya Sura ya 6, isemayo kwamba huondoa yale wanayomwitia akipenda. Baadaye Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walizigawa dua kuwa aina mbili, ya kuabudu na ya kuomba haja, wakaonyesha kwamba kila moja imo ndani ya mwenziwe. Mgawo huo ni mzuri darasani. Kitandani haukunifaa, kwa kuwa mgonjwa hajui anaposema 'Yarabi' yumo katika aina ipi.

Lipo swali zito zaidi kuliko hilo la maneno, nalo ni la kadari. Fakhruddin al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, anapoifikia aya ya 186 ya Sura ya 2 hulipa nafasi kubwa. Huleta hoja za wale waonao kwamba dua haina faida: kama jambo lililoombwa Mungu amekwisha jua kwamba litakuwa, litakuwa tu, na kama amekwisha jua kwamba halitakuwa, midomo ya waja haitaliumba, tena Mjuzi wa siri hahitaji kuarifiwa. Napenda namna al-Razi awapavyo wapinzani nguvu yao yote kabla ya kuwajibu. Si kila mwandishi wa dini ana ushujaa huo. Majibu yake ni kwamba dua haikusudiwi kumwarifu Mungu, bali kudhihirisha uja na unyonge wa mwombaji. Al-Ghazali kabla yake, naye alifariki mwaka 1111, alipita njia ya vitendo zaidi. Alisema kwamba kadari ya kuponywa na kadari ya kuomba ziliandikwa pamoja. Dua ni sababu miongoni mwa sababu, kama ngao ilivyo sababu ya kuurudisha mshale na maji yalivyo sababu ya kuotesha mmea. Mtu haachi kuchukua silaha kwa kuwa anaamini kadari, wala haachi kumwagilia akiisha panda.

Jibu la al-Ghazali lapendwa sana, nami nalipenda, lakini lina hatari yake mikononi mwa watu kama sisi. Ngao ni chombo. Na chombo kisipofanya kazi, mwenyewe hutafuta chombo kingine. Pwani kwetu wapo watu wasomao Albadiri, yaani majina ya masahaba waliopigana Badri mwaka 624, ili kumpata mwizi wa mbuzi au kumwangusha adui. Hapo dua imekwisha kuwa bunduki, na msomaji akichukuliwa kuwa mwenye shabaha au asiye na shabaha. Sisemi hilo ndilo alilolifundisha al-Ghazali, hasha. Nasema tu kwamba anayeihesabu dua kwa matokeo yake hana pa kusimama siku matokeo yasipokuja. Wapo waliokwenda ncha ya pili. Al-Qushayri, aliyefariki mwaka 1072, ametuwekea katika Risala yake ugomvi wa masufi: kipi bora, kuomba, au kunyamaza na kuridhika na hukumu? Naye akaamua kwamba nyakati hutofautiana, na mja auangalie moyo wake. Ukimwelekeza kwenye dua, aombe. Husimuliwa pia kwamba Nabii Ibrahimu, alipotupwa motoni na Jibrili akamshauri amwombe Mola wake, alijibu kwamba Mola anaijua hali yake, na hilo lamtosha asiombe. Ibn Taymiyya aliikataa simulizi hiyo, na mimi naona alikuwa na haki, kwani Ibrahimu wa Kurani ni mwombaji asiyechoka: anaomba amani ya mji, anaomba matunda, anaomba kizazi, anawaombea wazazi wake.

Katika kuzunguka huko ndipo nilipoisoma tena Sura ya 21, Sura ya Manabii, nikaona jambo nililolipita miaka mingi kama mtu apitavyo kiambaza cha nyumba yake. Manabii wanne wanatajwa humo mmoja baada ya mwingine, Nuhu, Ayubu, Yunusi na Zakaria, na kwa kila mmoja habari huanza kwa kitenzi kile kile cha kupaza sauti ya kuita. Na kwa kila mmoja, katika aya za 76, 84, 88 na 90, hufuata tamko lile lile, kwamba Mungu alimwitikia. Mara nne, kama mpigo wa ngoma. Sasa tazama, msomaji, walichokisema. Zakaria anaomba jambo bayana, asiachwe peke yake bila mrithi. Ya Nuhu hapo hayakutajwa. Lakini Ayubu haombi kitu. Anasema tu kwamba madhara yamempata, na kwamba Mola wake ni mwenye kurehemu kuliko wote. Yunusi, gizani ndani ya samaki, naye haombi kutolewa. Anakiri upweke wa Mungu na dhuluma ya nafsi yake. Ni kuita kusikokuwa na ombi ndani yake, na bado kunahesabiwa kuwa kumeitikiwa. Na mwisho wa habari hizo, aya ya 90 inapowaeleza kwa pamoja kuwa walikuwa wakimwita Mungu kwa tamaa na kwa hofu, kitenzi kinachotumika ni kile cha dua.

Najua nitakavyopingwa. Utaambiwa kwamba wote wanne walipata: Nuhu aliokolewa, Ayubu aliponywa, Yunusi alitoka, Zakaria akampata Yahya. Ni kweli, wala sitaki kuificha kweli hiyo kwa ajili ya hoja yangu. Lakini lugha ya aya haikusema kwamba kuitikiwa ndiko kuokolewa. Ilisema aliitikia, kisha ikasema akaokoa. Aliitikia, na akampa Yahya. Matendo ni mawili yaliyofuatana, na yafuatanayo yaweza kuachana.

Yaliachana kwa Nuhu huyo huyo. Katika Sura ya 11, aya ya 45 hadi 48, gharika imekwisha meza watu, na mwanawe amezama. Nuhu anamwita Mola wake kwa kitenzi kile kile cha Sura ya Manabii, akisema kwamba mwanawe ni wa ahali yake na kwamba ahadi ya Mungu ni ya kweli. Huyu ni baba anayeikumbusha ahadi aliyoahidiwa. Ni swali la mdogo wangu, limeulizwa maelfu ya miaka kabla yake. Na anaitikiwa pale pale. Anaambiwa kwamba yule si wa ahali yake, kwamba asiombe asilolijua, na anaonywa asiwe miongoni mwa wajinga. Ni majibu makali, nami nikiyasoma husikia baridi. Hata hivyo ni majibu, yaliyoanza kwa kumtaja mwitaji kwa jina lake. Nuhu anaomba maghufira, kisha anaitwa kwa jina mara ya pili, ashuke kwa amani na baraka. Mtoto hakurudishwa. Nikiulizwa kama Nuhu aliitikiwa, sina njia ya kusema hapana. Nikiulizwa kama alipewa, sina njia ya kusema ndiyo.

Kiswahili, ambacho nilikilaumu kidogo hapo juu kwa kuiacha kuita na kushika kuomba, kina tofauti hii ndani ya nyumba zake. Katika malezi ya pwani mtoto aitwapo na mkubwa wake hapaswi kunyamaza. Sisi wavulana tulifundishwa kusema 'labeka', na wasichana 'abee'. Labeka ni neno la Kiarabu lile lile walisemalo mahujaji waelekeapo Makka, kumwitika Mungu aliyewaita. Aitikaye hajakubali bado kutumwa, wala hajapewa wala hajatoa kitu. Amesema tu kwamba nipo, nimesikia, na uso wangu u kwako. Na mama zetu walichukia kutoitikwa kuliko walivyochukia kukataliwa. Sidhani kama kuna lugha ingeweza kuifasiri ile aya ya 60 kwa uzuri zaidi kuliko yetu, kama tungaliiacha iseme kuita na kuitika. Wale wafasiri walioona dua ni ibada, na wale walioona dua ni haja, wangekutana hapo, maana ibada ni kuita, na haja ni moja ya sababu za kuita.

Aya ya 186 ya Sura ya 2 yafaa isomwe kwa sikio hilo. Imewekwa katikati ya hukumu za funga. Kwingine katika Kurani watu wamwulizapo Mtume juu ya mvinyo, miandamo ya mwezi au roho, majibu huanza kwa kumwamrisha Mtume awaambie. Hapa waja wanauliza habari za Mungu mwenyewe, na al-Razi na wengine waliona kwamba ile amri ya 'sema' haipo. Mwulizwa anajibu mwenyewe, bila tarishi, kwamba yu karibu, na kwamba humwitikia amwitaye wakati amwitapo. Yasema wakati amwitapo, si baada ya siku wala kwa masharti ya matokeo.

Bado sijatosheka. Maana hii yaweza kuwa kimbilio la mtu mvivu, asemaye kwamba mradi ameita basi yamekwisha, akaona haya kuomba mkate, mvua au uzima. Zakaria hakuona haya. Hata Mariamu, katika uchungu wa uzazi, alipewa maji na tende. Mgonjwa aombe apone, na amwombeaye asilainishe ombi lake kwa hofu ya kukataliwa. Tena sijui kumweleza mtu kwa nini mmoja apone na mwingine asipone kitanda kwa kitanda. Na wale wanaojua kueleza hilo siku ya matanga, mimi huwakwepa.

Mwaka uliofuata nilikwenda Pangani kwa hitima. Wageni walipoondoka nilimwambia mdogo wangu kwamba lile swali lake sikulijibu, nikamsimulia habari ya Ayubu, na ya Nuhu na mwanawe. Alikuwa akikusanya sinia. Hakusema kama ameridhika wala kama hakuridhika. Akaniambia kwamba mwisho mwisho mama hakuomba kupona. Alikuwa akisema 'Yarabi' tu, usiku kucha, bila neno jingine. Yeye alilala chini, mkekani, na kwa kuwa alikuwa na usingizi mzito wa uchovu alidhani kila mara ni yeye aitwaye. 'Kila aliposema, kaka, nami niliitika, "Abee, mama." Sijui mara ngapi. Alfajiri akaniambia nilale, kwani hakuwa akiniita mimi, lakini amefurahi.'